Nahodha anatafuna karafuu asubuhi, nami ndiye ninayepanga safari

SWALI: "Assalamu alaykum daktari. Mimi ni msimamizi wa safari katika kampuni ndogo hapa Nungwi. Tuna boti nne na vijana kumi na tisa. Asubuhi tunapeleka wageni Mnemba, jioni tunawatoa kuangalia jua likizama. Nahodha wetu mkongwe, ambaye ni mume wa dada yangu, siku hizi anakuja pwani ananuka pombe. Anatafuna karafuu lakini harufu haifichiki. Asubuhi hashiki kikombe cha chai ila kwa mikono miwili, na ikifika saa nne anakuwa sawa kabisa. Mwezi uliopita aliigonga boti ya jirani wakati wa kutia nanga, hakuumia mtu. Tunaye pia kijana wa nanga aliyekuwa akitumia unga. Sasa ni mwezi wa tatu anakunywa methadone, dawa ya kutibu uraibu wa unga, hospitali ya Kidongo Chekundu. Tajiri amekasirika. Ameagiza vipimo vya mkojo, anataka tuwapime wote siku moja bila ya kuwaambia, na atakayekutwa na kitu aondoke siku hiyo hiyo. Mimi naona bora nahodha akae nyumbani wiki moja, aache pombe mbele ya mkewe bila ya watu kujua. Nani yuko sahihi? Na yule kijana, ni salama kumwacha chomboni?"

JIBU:

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonishtua zaidi si ile boti iliyogongwa. Ni kikombe cha chai. Nitaanza nacho kwa sababu hakisubiri: usimwambie shemeji yako aache pombe ghafla nyumbani. Najua nia yako ni njema, unataka kumsitiri. Lakini katika mipango yote miwili uliyonieleza, wako ndio unaoweza kumuua.

Umekaa Nungwi, umeona resi za mashua. Upepo ukikaza, mabaharia hupanda upande wa joshi, kule upepo unakotoka, wakaning'inia kwa uzito wao ili chombo kisilale. Ubongo wa mtu anayekunywa kila siku hufanya vivyo hivyo. Pombe inautuliza, nao unajikaza upande wa pili, kila mwezi zaidi, ili mtu aweze kusimama, kusema na kushika usukani. Sasa upepo ukikatika ghafla na watu wote wangali wananing'inia joshi, chombo hupinduka upande wao. Hiyo ndiyo mikono inayotetemeka, jasho la asubuhi, moyo kwenda mbio na kichefuchefu. Huanza saa chache tu baada ya glasi ya mwisho. Kwa wengi hupita kwa kuteseka. Kwa baadhi, ndani ya siku mbili za mwanzo huja kuanguka kifafa, hata kwa mtu ambaye hajapata kuanguka maishani mwake. Na kufikia siku ya pili au ya tatu wapo wanaochanganyikiwa, wanaona watu wasiokuwepo, homa inapanda, na wasipotibiwa hufa. Watu wetu wanaogopa zaidi arosto ya unga, yaani mateso ya mwili unapokosa kile ulichokizoea, kwa sababu ina kelele na maumivu mengi. Kwa hakika, arosto ya pombe ndiyo inayoua kwa wepesi zaidi.

Na ile "saa nne anakuwa sawa kabisa" isikufariji. Mtu anayetetemeka saa moja akatulia saa nne, mara nyingi katikati hapo amepata kidogo cha kumtuliza. Yaani saa ile unayomwona yuko sawa, ndiyo saa aliyonayo pombe mwilini, na ndiyo saa aliyonao wageni baharini.

Sasa tuje kwa tajiri wako. Hasira yake naielewa. Boti ni zake, wageni ni dhamana yake, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar ya 2005 inamtaka yeye, si mwengine, ahakikishe kazi inafanyika bila ya kuhatarisha watu. Kosa lake ni kuyachanganya maswali mawili na kuyafanya moja. Swali la kwanza: huyu mtu asubuhi hii anafaa kushika usukani? Hilo linajibiwa pale pwani, kwa macho, kabla ya kamba kufunguliwa, na jibu lake ni ndiyo au hapana. Swali la pili: huyu mtu ana maradhi ya uraibu, na atatibiwaje? Hilo linajibiwa taratibu, hospitali, baina yake na wanaomtibu. Karatasi ya mkojo haijibu la kwanza wala la pili.

Hebu nikuonyeshe inachofanya. Vingi katika vipimo hivi vya kuchovya vinatafuta bangi, jamii ya afyuni, ndimo ulimo unga, na aina kadhaa za vidonge. Pombe ya kawaida havipimi kabisa. Kwa hiyo nahodha wako, ambaye ndiye hatari yenyewe, anaweza kukojoa na kutoka safi. Wakati huo huo, kijana aliyekuwa akivuta bangi kila siku na akaacha wiki tatu zilizopita anaweza kukutwa nayo, kwani kwa mvutaji wa kila siku alama zake hukaa mwilini hadi karibu mwezi. Aliyevuta unga hutoka safi baada ya siku mbili tatu, nne kwa nadra. Mpishi wenu aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini anaonekana ametumia kitu cha jamii ya unga. Na kijana wa methadone, ikiwa kipimo kina mstari wa methadone, atafukuzwa kwa kosa la kunywa dawa aliyoandikiwa na daktari. Kipimo kinaonyesha kitu kilipita mwilini. Hakionyeshi kama mtu amelewa sasa, na jibu lolote la kuchovya lisilothibitishwa maabara halifai kumkosesha mtu riziki.

Kwa pombe, kipo kifaa cha kupulizia, na hicho kina maana kwa kazi yenu, kwani kinapima kilichomo katika pumzi saa ile ile. Karafuu inafunika harufu ya kinywa, lakini pombe inatoka mapafuni pamoja na pumzi. Haifunikiki kwa karafuu, wala bazoka, wala mswaki. Mkiamua kukitumia, watu waambiwe mapema, apulize kila anayepanda chombo, ukiwemo wewe, na tajiri mwenyewe siku anayotoka na boti. Kisiwe mtego wa mtu mmoja.

Kuna hesabu moja ambayo wengi wanaikosea, na ningependa kila nahodha wa pwani ile aijue. Ini huondoa pombe kwa mwendo wake mwenyewe, kama gramu 7 au 8 kwa saa kwa mtu wa kawaida. Kahawa haiharakishi, supu ya pweza haiharakishi, kuoga maji ya baridi hakuharakishi. Vinamwamsha mlevi, havimlevui. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina kiasi cha gramu 20. Chupa ndogo ya konyagi ya mililita 200, kwa asilimia 35, ina gramu 55 hivi. Chukua mtu aliyeanza saa tatu usiku akamaliza saa saba usiku, bia tatu na ile chupa ndogo: gramu 115. Kwa gramu 7 kila saa anahitaji takriban saa 16 tangu alipoanza, yaani hadi kiasi cha saa saba mchana wa siku ya pili. Boti yenu ya Mnemba inaondoka saa tatu asubuhi. Wakati huo bado ana gramu 30 na zaidi, sawa na mtu aliyemaliza bia moja na nusu pale pale kwenye mchanga. Amelala, ameoga, amesali, anaapa kuwa leo hajagusa kitu, na anasema kweli. Lakini yale macho yanayopaswa kumwona mzamiaji anayeibuka mbele ya injini yamechelewa.

Kwa hiyo nini kifanyike pwani? Kabla ya kupakia mitungi ya hewa ya wazamiaji, watu wawili, si mmoja, wazungumze na kila nahodha kwa dakika chache kuhusu safari ya siku ile. Wamtazame akitembea, akifunga kamba, akijibu. Kinachoandikwa daftarini kiwe kile kilichoonekana: "mikono ilitetemeka alipofunga fundo, aliuliza idadi ya wageni mara tatu." Kisiwe hukumu: "amelewa." Nasema hivi kwa sababu si kila anayeyumba amekunywa. Mwenye kisukari ambaye sukari imeshuka hutoka jasho, hutetemeka na kusema ovyo, utaapa kuwa ni konyagi. Mwenye sukari iliyopanda sana anaweza kutoa pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno. Kiharusi kinachoanza huvuta ulimi. Ukimfukuza mtu wa namna hiyo akalale nyumbani, umempeleka kaburini. Asiyefaa siku ile ateremke, alipwe siku yake, asindikizwe, asipewe pikipiki. Najua tajiri atauliza kwa nini amlipe. Amlipe kwa sababu siku atakayomkata, vijana watajifunza kumfichia mwenzao, na daftari lako halitaandikwa kitu tena.

Wewe usiwe mmoja wa wale wawili siku ya shemeji yako. Ukimteremsha, dada yako atakulaumu. Ukimwacha, vijana wanakuona. Mpe kazi hiyo mtu asiye na undugu naye.

Kuhusu yule kijana wa nanga, nitasema wazi: kati ya watu wawili uliowataja, yeye ndiye aliyekwisha kuingia katika matibabu, naye ndiye unayemtilia shaka. Methadone inakaa kwenye vipokezi vile vile vya ubongo ambavyo unga unavitafuta, lakini inaingia polepole na kukaa zaidi ya siku nzima. Haimpandishi stimu wala haimwachi aanguke kwenye arosto. Huduma hii ipo Zanzibar tangu 2015, na mtu anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Wiki za mwanzo, dozi inapopandishwa, mtu husinzia, na wakati huo hafai kushika injini wala kupiga mbizi. Mwezi wa tatu, ikiwa dozi imetulia, wengi wanafanya kazi kama wewe na mimi. Lakini usikadirie wewe. Mwombe kwa ridhaa yake alete karatasi ya kliniki inayosema jambo moja tu, kwamba anafaa kwa kazi ya chomboni au hafai bado. Dozi yake na historia yake si haki yenu kuijua.

Tatizo lake kubwa naliona liko kwenye ratiba. Kutoka Nungwi hadi Kidongo Chekundu ni mwendo wa daladala namba 116 alfajiri, kila siku, kwenda na kurudi. Safari ya saa tatu hawezi kuiwahi, na nina shaka mmeshamkaripia kwa kuchelewa. Wazo la haraka ni kumhamishia boti ya jioni. Mimi nisingemhamishia. Boti ya jioni ndiyo yenye masanduku ya bia, na pombe juu ya methadone inaweza kuzima pumzi, sawa na vidonge vya kutuliza kama Valium juu ya methadone. Mtafutieni kazi ya mchana: kuosha boti, mafuta, injini, safari zinazotoka baada ya adhuhuri. Na jueni gharama ya kumfukuza. Akikosa nauli akaruka dozi siku tatu mfululizo, mwili unaanza kuusahau uzito wa dawa. Akirudi kwenye unga kwa kiasi kile kile alichokizoea zamani, kete moja inatosha kumzimisha. Wengi waliokufa kwa unga walikufa baada ya kukaa bila ya unga kwa muda.

Hapa niongeze jambo kwa ajili ya yeyote pwani hapo. Mkimkuta mtu amelala kivulini, anakoroma kwa sauti ya kukwama, midomo imegeuka rangi, mboni za macho zimekuwa kama tundu la sindano na pumzi inakuja kwa kuhesabu, huyo hajalala. Msimmwagie maji mkamwacha "apoe". Mlazeni kwa ubavu, kama hapumui mpulizieni, na mumkimbize hospitali ya Kivunge. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kuirudisha pumzi iliyozimwa na unga, lakini lazima afikishwe panapopatikana.

Tajiri akisoma hapa, ningependa aitazame na kazi yenyewe, kwa sababu katika swali lako nimesoma mambo ambayo wewe uliyapita. Boti za jioni zinarudi na chupa zilizobaki nusu, na sijui pwani ambayo chupa hizo humwagwa. Mgeni aliyefurahi humfungulia nahodha bia kwa upendo, na nahodha anaona haya kukataa. Bakshishi inagawanywa usiku, pesa taslimu, mtu yuko mbali na kwao. Kisha yule yule aliyetia nanga usiku anatakiwa pwani alfajiri, wiki saba mfululizo ukifika msimu, halafu masika anakaa bila ya kazi wala mshahara. Mahali pa kazi namna hiyo panatengeneza wanywaji, hata ukiwafukuza wote kumi na tisa na kuleta wengine. Vinywaji vilivyobaki virudi kwa hesabu. Wageni waambiwe tangu mwanzo kuwa wafanyakazi hawanywi chomboni, ili kijana asilazimike kukataa peke yake. Aliyefanya jioni asitoke asubuhi. Hayo matatu yangenipa matumaini kuliko boksi zima la vipimo.

Tajiri anaweza kumfukuza? Anaweza, lakini si kwa njia ile. Huku Unguja na Pemba tunaongozwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, si ile ya Bara, na mtu hatolewi kazini bila ya sababu ya haki na nafasi ya kujieleza. Kwanza muwe na sera iliyoandikwa kwa Kiswahili, iliyosomwa mbele ya wote, inayosema kipi hakiruhusiwi, nani anapimwa, jibu anaona nani, na anayejitokeza mwenyewe kuomba msaada anafanyiwa nini. Rasimu yake ipelekeni kwa Kamisheni ya Kazi waitazame. Shirika la Kazi Duniani lina mwongozo wa 1996 kuhusu jambo hili hili: tatizo la pombe na dawa za kulevya lichukuliwe kama tatizo la afya, lisitiriwe kama maradhi mengine, na tiba itangulie adhabu pale inapowezekana. Haukumnyang'anya mwajiri haki ya kuadhibu. Na mimi sitakuficha: wapo watakaokataa tiba, na wengi wanaokubali huteleza mara moja au mbili kabla ya kusimama. Ikiwa shemeji yako atapewa njia ya tiba akaikataa, kisha akaja tena pwani na pombe kichwani, tajiri hatakuwa na lawama akimwachisha. Katika usukani sina huruma ya kutoa. Huruma ipo nchi kavu.

Umeniambia unataka watu wasijue. Sitara ni jambo kubwa kwetu, na sitaki uiache. Mnywaji wa Zanzibar hujificha mara mbili, kwa mwajiri na kwa msikiti, na ndiyo maana tunawapata wakiwa wameshachelewa. Sitara ni kuzungumza naye chemba, si mbele ya vijana, na wala si saa aliyolewa. Iteue saa ambayo ametulia. Mwambie ulichokiona, usimwambie alivyo: "Shemeji, nimekuona mara nne wiki hii kikombe kinakutetemeka. Siku ya nanga nilikuwepo. Naogopa. Usukani sikupi tena mpaka daktari aseme, lakini kazi yako ipo." Sema "kazi yako ipo" kama tu tajiri ameshakubali, na mkubaliane kwanza ni kazi gani: kupokea wageni, kuwafundisha vijana mikondo ya Mnemba, injini. Dada yako aambiwe na mumewe mwenyewe, ukiwepo ikibidi, kwani yeye ndiye atakayemwona usiku akianza kutetemeka.

Kesho boti yake mpe nahodha mwengine, wala usisubiri sera. Asiiache pombe kwa ghafla leo usiku kwa kuogopa daktari, mwambie hivyo bila ya haya. Asubuhi mpeleke Kivunge wewe mwenyewe, kwa gari, wakitaka kumpeleka Mnazi Mmoja au Kidongo Chekundu mfuatane. Akitetemeka mwili mzima, akianza kusema na watu wasiokuwepo, au akianguka kifafa kabla ya hapo, ondokeni usiku huo huo. Na mkifika, maneno mawili yatamsaidia daktari kuliko yote: anakunywa kiasi gani kwa siku, na saa ngapi amekunywa mara ya mwisho. Yaandike kwenye karatasi kabla hamjatoka nyumbani, kwa sababu akiulizwa mbele ya watu atayapunguza.